Mlango uliokataa kufunga: miezi kumi na minne ya kuchomelea Datsun 240Z

Gari hili lilikaa chini ya mwembe miaka ishirini na mitatu, uani kwa mjomba wangu, Nyali, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka baharini. Naanza na bahari kwa sababu ndiyo iliyolila. Asubuhi kabla jua halijapanda, ukipitisha kidole kwenye kioo cha mbele ukakiramba, unaonja chumvi. Chumvi hiyo huingia kwenye maungio ya bati, hulala humo, na kila umande ukishuka inaamka kufanya kazi yake.

Ni Datsun 240Z, gari la spoti la Kijapani ambalo wenye nalo huliita Zedi, injini ya silinda sita ya lita 2.4, kabureta mbili. Watu wa rika la mjomba hawahitaji kuelezwa ni gari gani. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa gari la aina hii, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena, mwaka ule ambao Mehta alilingana pointi na Harry Källström, naye pia akiwa ndani ya Datsun. Mjomba alikuwa kijana wa sekondari. Alisimama kando ya njia tangu alfajiri, akalisikia kabla ya kuliona, likapita, akabaki na vumbi mdomoni na nia moja moyoni. Mwaka 1981 alinunua lake Nairobi, mkono wa pili.

Januari 2022 aliniita. "Mpwa wangu, lichukue. Mimi mgongo umeshanikatalia, na sitaki liuzwe kwa kilo." Nililichukua siku hiyo hiyo. Breki na kabureta nilizijua, nimelelewa gereji. Kazi ya bodi sikuijua, na ubaya zaidi, sikujua kwamba siijui. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye naye ameachiwa gari la zamani, na mkono unamwasha kushika grainda.

Kwa macho, kutu ilikuwa kidogo: malengelenge chini ya milango, tundu la ukubwa wa shilingi kwenye sakafu ya dereva, na kibao cha betri kilichooza, jambo la kawaida kwa Zedi. Kisha nikachukua sumaku ya friji, nikaifunga kitambaa isikwaruze rangi, nikaipitisha pole pole mwili mzima. Kwenye kona ya chini nyuma ya mlango wa kushoto haikushika. Nikasogea inchi nne, haikushika. Nikatia bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini. Niliponyanyua, likatoka pande la puti, ile ya kujazia mabonde ya bodi kabla ya rangi, nene kama ubale wa mkate, na nyuma yake gazeti lililokunjwa, ukurasa wa michezo, limeshindiliwa pamoja na kipande cha gunia. Gazeti lilikuwa limelowa. Nililiweka juu ya benchi na maji yakaendelea kutiririka kutoka humo kwa muda. Kumbe lilikuwa linainyweshea bati maji kutoka ndani, huku nje rangi inang'aa. Gereji iliyofanya kazi ile ilimlipisha mjomba pesa kamili.

Kwa hiyo, kabla hujanunua gari la namna hii, na kabla hujapanga bajeti, tembea na sumaku. Kwenye Zedi angalia vizingiti vya milango, kona za chini nyuma ya milango, mihimili iliyo chini ya sakafu, shimo la tairi la akiba, ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, na kibao cha betri. Mudgadi za mbele zisikutishe, hizo zimefungwa kwa bolti na zinatoka mchana mmoja. Za nyuma zimechomelewa, na hapo ndipo pesa zinapokwenda.

Niliuliza bei kwa mafundi watatu. Mmoja alisema sh. 60,000 na wiki moja. Nilipouliza atafanya nini, aliniambia atatia kiraka juu ya kutu kisha puti. Yule wa tatu alisema ukweli, kwamba anayeifanya kazi hii vizuri ataifanya miezi, na bei yake nisingeiweza. Nikaamua kujifunza. Nilinunua mashine ya kuchomelea ya waya na gesi kwa sh. 42,000, mtungi wa gesi ya mchanganyiko wa argoni, waya wa milimita 0.6, miwani, glovu, na barakoa ya moshi ambayo nusura nisiinunue. Mashine ya vijiti ambayo kila mtaa unayo usiijaribu kwenye bati la gari. Kwenye geti inafaa, lakini bati la milimita 0.8 inalitoboa kabla hujaona umeshika wapi.

Vipande nilivyoagiza ng'ambo, yaani vizingiti viwili, sakafu mbili na kona mbili za nyuma, viligharimu sh. 96,000. Nauli, ushuru na VAT vilizidi bei ya vipande vyenyewe. Hilo sikulipigia hesabu. Na kwa kuwa meli ilichukua miezi miwili na nusu nami sikuwa na subira, nilianza kukata. Nilikata sakafu ya kushoto nikifuata picha. Sanduku lilipofika, kipande kipya kilikuwa kifupi kuliko tundu nililolitoboa, na ukingo wa kukichomelea haukuwepo tena. Ilinibidi niunde ukingo mpya kwa mkono, siku nne za kazi. Usikate gari mpaka kipande kipya kiko mkononi, umekiweka juu ya cha zamani, umekichora kwa chaki, na umeacha angalau sentimita mbili za ziada. Vipande vya kuigwa havilingani kamwe sawasawa na vya kiwandani.

Wakati huo wa kusubiri ndipo nilipoumwa. Jumamosi moja ya Machi nilikuwa na kipande cha mabati kilichobaki tulipoezeka banda la kuku. Kilikuwa kipya, kinang'aa, unene unakaribiana. Nikakikata kiraka cha shimo la tairi la akiba. Kila nilipogusa na waya, moshi mweupe mzito ulipanda, na pembeni mwa moto ukabaki unga mweupe kama poda ya mtoto. Nilikuwa nimejikunja ndani ya gari, milango imefungwa ili upepo usiingie, na barakoa iko juu ya benchi. Saa tatu usiku baridi ikaniingia. Meno yaligongana, viungo viliuma, na mdomoni kulikuwa na ladha ya sarafu. Mke wangu alisema malaria, nami nikakubali, nani Mombasa asingekubali? Tukaenda zahanati, nikatobolewa kidole, hakuna malaria. Mama tabibu akaniangalia mikono, akaona masizi kwenye kucha.

"Leo umefanya kazi gani, baba?"

Nikamweleza. Akasema ni homa ya moshi wa zinki, ameiona kwa vijana wanaotengeneza mageti, itapita siku moja au mbili. Ilipita. Lakini usiku ule nililala na blanketi mbili katika joto la Machi, na mwanangu mdogo amesimama mlangoni ananitazama. Nunua bati jeusi, lile lisilopakwa kitu. Kama huna budi kuchomelea kilichopakwa zinki, isugue itoke upana wa vidole viwili kila upande, mbele na nyuma, fungua milango yote na vaa barakoa. Kile kiraka nilikikata nikakitupa.

Aprili kusi ikaanza kuvuma, na nukta zangu, yale matone ya chomeleo yanayoshikanisha bati, zikaharibika. Siku moja zinatoka safi, siku ya pili zimejaa vitundu kama uso wa mkate wa kumimina. Nilibadilisha waya, nikabadilisha ncha, nikaongeza gesi mpaka mtungi ukaisha kwa siku mbili. Wiki nzima ikapotea kabla sijaelewa kwamba upepo unaipeperusha gesi kabla haijaufunika moto. Kuongeza gesi hakusaidii. Ikitoka kwa nguvu mno inavuta hewa pamoja nayo. Nilizungushia gari kuta za makuti na turubai, nikarudisha gesi kwenye lita kumi kwa dakika, na vitundu vikaisha. Wakati huo huo niliacha waya mwembamba wa umeme wa mita thelathini niliokuwa nauvuta kutoka nyumbani, maana mashine ilikuwa inashiba nusu.

Sasa nifike kwenye kosa kubwa.

Zedi haina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi ndiyo chesisi. Sakafu, vizingiti, nguzo za milango na paa vimeshikana, na kizingiti, lile boksi la bati linalopita chini ya mlango, ndicho uti wa mgongo. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Lakini Juni 2022 nilipandisha gari kwenye stendi nne, mbili mbele kabisa na mbili nyuma kabisa ili nipate nafasi ya kulala chini, nikatoa mlango wa kushoto, nikakata kizingiti chote, cha nje na cha ndani, kwa mara moja. Nilikuwa na furaha. Kutu yote ilikuwa sakafuni kwenye karai. Nikaweka kizingiti kipya, kikakaa vizuri, nikakibana, nikatoboa matundu ya milimita nane na kuyajaza nukta moja moja. Nukta arobaini na moja, kwa siku tisa. Ilikuwa kazi safi. Niliipiga picha nikamtumia mjomba.

Akajibu neno moja: "Mlango?"

Nikarudisha mlango kwenye bawaba zake. Ulifika robo tatu, ukagonga juu nyuma, chuma kwa chuma. Nikalegeza bawaba, nikainua, nikashusha, nikabana. Ukikubali juu, chini unaachia pengo la kupitisha kidole. Nilifanya hivyo mpaka magharibi, na nilipokaa chini kando ya gari niligundua kwamba nalia. Nilikuwa nimeshatumia nusu mwaka na akiba ya karo ya muhula mmoja ambayo nilimwahidi mke wangu nitairudisha.

Jirani wa mjomba ni mzee aliyechomelea vyombo vya baharini bandarini Kilindini mpaka alipostaafu. Nilimpita kila siku nikamwamkia tu. Asubuhi iliyofuata nilimfuata barazani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mlango unagonga jana kutwa."

Alikuja na fimbo yake. Hakutazama nukta zangu hata kidogo. Alitazama stendi, kisha akauliza, "Mlango huu uliufunga lini mara ya mwisho?"

"Kabla sijakata, mzee."

"Na uwazi wake uliupima?"

Sikuwa nimepima. Alikwenda upande wa kulia, ambao sikuwa nimeugusa, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye uwazi kati ya mlango na bodi kuanzia juu hadi chini. Akarudi kushoto, akafanya vile vile. Kulia uwazi ulikuwa milimita tano kote. Kushoto, juu mbili, chini tisa. Akanieleza: gari nimelishika kwa kichwa na miguu, kisha nimeukata uti wa mgongo, na katikati pakashuka. Nguzo za mlango zikainamiana kwa juu. Nikalichomelea likiwa limeinama, na sasa limeinama kwa nguvu zote za nukta arobaini na moja.

Nilimuuliza kama hakuna njia ya kuusugua mlango, au kulivuta kwa jeki. Akasema mlango ndio pekee humu usio na kosa. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kata."

Nikakata. Kuzitoboa nukta zako mwenyewe ni kazi chungu kuliko za kiwandani, kwa sababu unakumbuka kila moja. Kizingiti kipya kiliharibika kingo na nikalazimika kukunja kingine kwa bati jeusi la milimita 1.2 katika karakana yenye mashine ya kukunjia, sh. 7,500.

Safari hii mzee alikaa juu ya kreti ya soda, akaniongoza. Kwanza gari likashushwa kwenye magurudumu yake, juu ya magogo manne, likae kama linavyokaa barabarani. Kisha ubao mnene chini ya sakafu karibu na nguzo ya mlango, jeki chini ya ubao, na kupandisha kidogo kidogo, robo ya mzunguko, huku nikipima uwazi na kuulinganisha na ule wa kulia. Saa mbili na nusu kwa milimita tatu. Ulipofika tano juu na tano chini, ndipo tukafunga vyuma vya mraba vya inchi moja kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, viwili vya kulala na kimoja cha mshazari. Nyuma tulivifunga kwa bolti kwenye matundu ya mikanda ya usalama. Mbele kwa vibamba vidogo vilivyoshikwa kwa nukta. Na hapa kuna jambo ambalo sijaliona likielezwa vya kutosha: vyuma vile vikae upande wa ndani wa gari, si katikati ya uwazi, ili mlango uweze kufungwa kazi ikiendelea. Mlango ndio kipimo chako. Ukiuziba utafanya kazi gizani.

Tukajaza sehemu ya ndani ya kizingiti kwanza, peke yake, ndipo tukajaza ya nje. Kila kitu kilishikwa kwanza kwa koleo za kubana na skrubu, bila moto. Mlango ukafungwa. Nukta nne, mlango ukafungwa. Nne nyingine, upande wa pili wa kizingiti, mlango ukafungwa. Mwanangu alikuwa na kazi hiyo, na sauti ya kitasa ikishika nilijua naweza kuendelea.

Kuhusu moto wenyewe, mzee alinifunza kwa kukataza. Nilikuwa nimezoea kuvuta mstari, kwa kuwa mstari unapendeza. Kwenye kona ya nyuma, mahali bati ni pana na limelala, nilivuta sentimita nane mara moja. Lilipopoa likajikunja, na katikati pakawa panabonyea na kurudi kama kifuniko cha debe. Chomeleo likipoa husinyaa, na linaposinyaa huvuta bati lililo jirani. Kwa hiyo nukta moja, ruka sentimita tano, nyingine, ruka, kisha acha. Rudi pale tu unapoweza kuweka nyuma ya kiganja chako juu ya bati na kukiacha. Pale lilipokwisha kujikunja, tulishika kipande cha chuma kizito kwa nyuma na kugonga juu ya chomeleo kwa nyundo ndogo, kulitandaza lirudishe urefu lililoupoteza. Lilirudi karibu lote. Kilichobaki kimefunikwa na puti ya unene wa karatasi chache, na sioni haya juu ya puti hiyo, maana chini yake kuna chuma kizima.

Mambo mengine mawili nisiyaache. La kwanza ni moto. Sakafu ya Zedi kwa ndani imepakwa tabaka la lami la kuzuia kelele. Nilikuwa nimelibandua upande wa kushoto kwa patasi na joto, nikadhani panatosha. Nikiwa chini nachomelea mhimili, mwanangu akaita, "Baba, moshi!" Lami ya upande wa pili wa bati ilikuwa inaungua, na miali imefika kwenye nyaya chini ya dashibodi. Tangi la petroli lilikuwa limeshatolewa na kuwekwa mbali, namshukuru Mungu kwa hilo, na ndoo ya maji na mtungi wa kuzimia moto vilikuwa karibu. Betri uitoe, tangi ulitoe, lami uibandue yote, na usichomelee peke yako kamwe. Anayechomelea haoni kitu zaidi ya nukta yake. Ukimaliza, kaa na gari nusu saa kabla ya kwenda kula.

La pili ni chuma uchi. Bati nililolisugua msasa saa kumi na moja jioni, asubuhi lilikuwa na rangi ya binzari. Pwani huwezi kuacha chuma wazi hata usiku mmoja. Maungio yote mawili yapakwe praima ya zinki kabla ya kukutanishwa, na pale pa nukta tu uikwangue. Moshi wake nao ni ule ule wa zinki, kwa hiyo barakoa. Baadaye paka gundi ya kuzibia kila mshono, na baada ya rangi mimina nta ndani ya vizingiti kupitia matundu yake mpaka uione inachuruzika chini. Matundu hayo usiyazibe. Maji yakiingia lazima yapate njia ya kutoka.

Upande wa kushoto ulinichukua miezi sita na kizingiti kimoja kilichotupwa. Upande wa kulia, kwa vyuma vile vile na mzee juu ya kreti yake, wiki tano. Machi 2023 tulilimwagia gari maji kwa mpira nikiwa ndani na tochi. Palivuja mahali pamoja tu, kona ya mbele ya sakafu, mshono niliousahau. Kwa jumla nimetumia sh. 412,000, rangi haimo, na karo ile nilimaliza kuirudisha Desemba.

Mjomba alikuja Jumapili moja, ameshikwa mkono na kijukuu chake. Alifungua mlango wa kushoto na kuufunga, mara tatu, hakusema neno, kisha akauliza rangi itakuwa gani. Gari sasa lina praima ya kijivu na linangoja zamu kwa mpaka rangi, ambaye nimemtazamia kazi zake kwa sumaku mkononi. Vile vyuma vya mraba na vibamba vyake bado ninavyo, vimetundikwa ukutani, na urefu wa kila kimoja umeandikwa kwa chaki. Aliye na Zedi kati ya Malindi na Tanga aje avichukue kabla hajakata.